Siku Niliyompa Fisi Shikamoo

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa na homa au nilikuwa ndotoni, nakujibu kabisa: homa sikuwa nayo, na sijawahi kusikia mtu aliye ndotoni akaulizwa habari za kwao na kupewa chakula mkononi. Haya yalinipata mimi, na akili zangu timamu, kwenye michikichi iliyo juu ya barabara ya Kasulu, kidogo kabla hujafika Kidahwe. Wapo watakaocheka. Wacheke tu. Hata mimi siku hizi nacheka, ila si nikiwa peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani wa Ujiji. Nashona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, chochote utakacholeta. Mwili Mungu amenipa wa kutosha: mrefu, mabega kama ya mpiga kasia. Nataja mwili wangu si kwa kujisifu. Mwili huu ndio ulioniponza.

Yote yaliletwa na jirani yangu Rama. Rama ana kibanda cha kuonyeshea video mtaani kwetu, na mtafsiri ni yeye mwenyewe. Filamu inaongea Kizungu au Kichina, yeye anashika kipaza sauti anakueleza kwa Kiswahili, anatia na maneno yake ambayo kwenye filamu hayamo, watu wanashika mbavu. Sasa kulikuwa na filamu moja ya zamani aliyoipenda kuliko zote, ya kijana anayegeuka mbwamwitu mwezi ukiwa mpevu. Ameitafsiri mpaka anaiweza akiwa amefumba macho. Alikuwa akiniambia, "Fundi, walioitengeneza hii si watu wa mchezo. Wanakuchekesha, hujamaliza kucheka wamekutisha, hujamaliza kuogopa unacheka tena. Mimi nataka ya kwangu ya namna hiyo kabla sijafa."

"Si utengeneze," nikamjibu, nikidhani tunapiga soga.

"Natengeneza. Ila mbwamwitu huku nani anamjua? Nataka fisi. Bwana harusi anayegeuka fisi na kumsumbua mama mkwe wake. Nishonee fisi."

Basi nikamshonea. Nilikwenda kwenye mitumba nikachambua makoti ya manyoya ambayo kwa joto la Kigoma hakuna mwenye akili anayeyanunua, nikayachana, nikayaunga, nikayapaka madoa kwa rangi ya viatu. Mgongo niliujaza sponji la godoro kuukuu ili mabega yainuke. Meno niliyachonga kwa kandambili nyeupe. Kijana aliyepangwa kuwa fisi kila nikimwita aje kupimwa ana safari, kwa hiyo nikachoka, nikajipima mwenyewe. Nilipolivaa vazi lile nikasimama mbele ya kioo, paka wa nyumbani kwangu alipanda ukutani na hakushuka mpaka kesho yake. Hapo nilicheka sana. Ningejua!

Siku ya kurekodi ilipofika, mke wa yule kijana akashikwa na uchungu asubuhi. Kijana akapiga simu, yuko hospitali, hawezi. Rama alikaa chini akashika kichwa. Mwezi ulikuwa mpevu siku ile, gari tulishaazima, jiko la kukamulia mawese tulishaliomba. Kisha akainua macho akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, na nikajua.

Tulikwenda wanne. Rama, mimi, na Nestori, Muha wa pale Mwandiga ambaye kazi yake ni kurekodi harusi, mtu mwembamba mpaka unaogopa upepo usije ukamchukua. Wa nne ni Mama Zawadi. Huyu babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye amezaliwa Ujiji, anauza mawese sokoni, na ndiye aliyekuwa mama mkwe. Mama Zawadi hahitaji kufundishwa kuigiza. Akikuuzia lita moja ya mawese tu, umeshatazama filamu.

Mpango ulikuwa rahisi. Mama Zawadi angekaa kwenye jiko, akikoroga pipa na kumsema mkwe wake. Mimi ningejibanza kwenye majani marefu nyuma ya michikichi, mbali kidogo, ningoje Rama awashe tochi na kuizima. Nikiiona, natoka kwa mikono na miguu, nanyemelea. Nestori alinibandika kipaza sauti kidogo kama harage ndani ya kichwa cha fisi, ili apate ninavyohema, na yeye akavaa hedifoni. Rama akanipaka mawese mdomoni yawe damu. Mle ndani nilikuwa naona kupitia mdomo wa fisi tu, kitundu kama cha kiganja. Pembeni sioni, nyuma sioni.

Jua lilizama nikiwa nimechuchumaa majanini. Adhana ya magharibi ilisikika kutoka chini kijijini, mwezi ukachomoza mlimani mwekundu kama sinia la shaba. Mama Zawadi nilimsikia anajizoeza matusi yake, Rama anamwambia asogee huku, arudi kule. Nilikuwa natoka jasho, najilaumu, nawaza kazi za watu nilizoziacha mezani. Ndipo nikashikwa begani.

"Amahoro."

Sauti ya mzee, nzito, ya karibu kabisa. Nikadhani ni mwenye michikichi amekuja kuuliza tunafanya nini shambani kwake. Na wewe ungedhani nini? Mimi nimelelewa Ujiji, nimefundishwa mtu mzima asalimiwe kabla ya lolote. Nikajibu amahoro, salamu ya Waha, nikaongeza na ya kwetu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na sauti ikalainika. "Ah. Una adabu wewe."

Nikageuka mwili mzima, maana kichwa kile cha fisi kilikuwa hakigeuki peke yake. Kupitia kitundu kile nikaona koti refu la mvua, la zamani. Nikaona uso wa mzee wa kawaida, ndevu nyeupe kidogo kidevuni. Amevaa kofia ya manyoya, nikawaza, na joto hili! Mara Mama Zawadi akakohoa kule jikoni. Na ile kofia ikageuka. Niamini ninachokwambia. Uso haukusogea, macho yalikuwa kwangu, lakini sikio moja la mviringo pale juu ya kichwa lilizunguka polepole kuelekea jikoni, na la pili likabaki kunisikiliza mimi.

Hakuwa amevaa kofia.

Unajiuliza kwa nini sikupiga kelele? Hata mimi nimejiuliza. Kilichobaki kinafanya kazi mwilini mwangu kilikuwa moyo tu, na huo ulikuwa unafanya kazi ya watu kumi.

"Wa wapi wewe?" akauliza. "Sikujui."

"Wa Ujiji."

"Ujiji!" Alishangaa kweli. "Mimi nilidhani Ujiji mmekwisha. Tangu walete taa za barabarani sijaona mtu wa huko. Nikasema basi, nimebaki peke yangu upande huu." Akanitazama mgongoni, akayapapasa manyoya yangu kwa kiganja, taratibu, kama mteja mwenye kujua kitambaa. "Na manyoya yako mazito. Yangu yanapukutika. Uzee huu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa hanichezei wala hanitishi. Alikuwa anaongea na mtu wa kwao.

Mwenzangu, mimi si shujaa. Lakini mtu ukishaona kwamba kinachokuweka hai ni uongo, unaongopa. Nikamwambia manyoya ni ya kurithi, mama yangu naye alikuwa hivyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainamisha lile sikio kifuani kwangu.

"Mbona moyo wako unakwenda mbio kama wa mbuzi?"

Nikasema neno la kwanza lililokuja.

"Njaa, mzee."

"Aaah." Akasikitika. "Njaa. Pole, mwanangu. Ungesema mapema." Akaingiza mkono kotini. Mkono ulikuwa wa mtu, ila kucha zake sitaki kuzieleza. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. "Kula kwanza."

"Nimefunga, mzee," nikasema. Nilidhani nimepata pa kutokea.

"Mungu akupokelee. Lakini magharibi imeshaadhiniwa, hukusikia? Futuru."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilikipokea. Kilikuwa kidogo, kirefu, cha baridi, kina unyevu. Nilikiingiza kwenye mdomo wa fisi, kikapita kati ya meno yangu ya kandambili, kikaangukia kidevuni kwangu mle ndani na kutulia pale. Nikaanza kutafuna hewa. Nilikuwa nalia, machozi yananitoka, na kile kitu kinanigusa mdomo kila nikipumua, na kichwani nina wazo moja tu: isiwe kidole. Ee Mola, chochote, isiwe kidole cha mtu.

"Umetulia sasa?" akauliza.

"Nimetulia, ahsante."

"Vizuri. Maana na mimi leo nakula." Akanyoosha kidevu kuelekea jikoni, kwenye mwanga wa moto. "Yule mama mnene. Huwa anakuja huku kununua mawese, jioni anarudi na madumu yake kwa njia ya mkato, peke yake, anaimba. Nimekuwa namfuata muda mrefu. Kila nikikaribia, mara pikipiki, mara watu wa shamba. Leo amejileta mwenyewe."

Hapo, nakwambia, woga wangu ulibadilika. Nilikuwa nimeogopa kwa ajili yangu. Sasa nikamwona Mama Zawadi pale kwenye moto, kajifunga kanga mbili, anajichekea mwenyewe kwa maneno yake, na nikakumbuka kwamba hayo ya njia ya mkato ni ya kweli. Hakuna mtu aliyemwambia mzee huyu. Mama Zawadi hupita pale, na huwa anaimba.

"Yule ni wangu," nikasema.

Sikujua nitasema hivyo mpaka niliposikia nimeshasema.

"Wako?"

"Nimemfuata kutoka Ujiji, mzee. Nimetoka naye huko asubuhi. Huoni tumekuja gari moja?"

Akaniangalia. Macho yalishika mwanga wa mwezi yakawa ya kijani. "Una alama gani kwake?"

"Mnuse. Kutoka kichwani mpaka miguuni ni mawese. Nimempaka mimi."

Akainua pua, akavuta upepo, akatulia. Nikaona amesadiki. Kisha akarudisha pua ile kwangu, ikaja mpaka mdomoni pangu, ikavuta tena.

"Hata wewe mdomoni una mawese," akasema. "Nilidhani ni damu. Sisi tangu lini tunakula mawese?"

Sijui lilitoka wapi hili, labda ni kukaa sana na Rama. Nikamwambia, "Mzee, sisi wa mjini hatuli kitu kikavu. Tunakiunga kwanza."

Majani hayakutikisika. Nikasema basi, nimekwisha, mwanangu nani atampeleka shule. Halafu mzee akacheka.

Umewahi kumsikia fisi akicheka? Sasa fikiria kicheko kile kinaanzia kifuani kwa babu, kikohozi kikohozi, cha babu anayesikia utani wa mjukuu, kisha kinapanda, kinapanda, mpaka juu kinakatika vipande vipande. Alipofungua mdomo kucheka, mdomo ule ulifunguka mpaka chini ya masikio. Niliyaona meno yote. Kandambili zangu zilikuwa mchezo wa watoto.

Kule jikoni Rama akapiga kelele, "Hapo hapo, fundi! Hicho hicho! Rudia!"

"Anamwita nani huyo?" mzee akauliza, anajifuta machozi.

"Hamwiti mtu. Wakiogopa ndivyo wanavyopayuka."

"Kweli." Akahema, bado ana kicheko. "Tunakiunga kwanza! Basi, kama wako, wako. Mimi sigombani na mtoto wa mtu kwa chakula. Ila na wewe unialike siku moja. Nimekaa sana sijala na mtu wa kwetu. Utanialika?"

"Nitakualika, mzee."

"Hapa hapa. Usinisahau kama wenzako walivyonisahau."

"Sitakusahau."

Aliposema nisimsahau, niamini, sauti yake ilikuwa ya mzee yeyote anayekaa peke yake ambaye watoto wamehamia mbali. Nilimwogopa mpaka mifupa, na nikamwonea huruma. Vyote viwili. Akasimama, akanigusa begani tena, akaniambia yule mwembamba mwenye mashine ya jicho moja nisijisumbue naye, hana kitu. Akaondoka amenyooka kama mtu. Nilihesabu hatua zake moyoni mpaka akainama kufunga kitu mguuni, nikadhani kiatu. Hakuinuka tena. Majani yakafunguka yakaelekea upande wa mlima, chini chini, kwa kasi.

Rama akawasha tochi, akaizima.

Mimi sikutoka kwa mikono na miguu, wala sikunyemelea. Nilitoka mbio, nimenyooka, napiga mayowe, nikamrukia Mama Zawadi na kumkumbatia kwa nguvu zangu zote ili chochote kitakachokuja kianze na mimi. Mama Zawadi, ambaye alimtazamia fisi anayetambaa, aliona fisi mrefu kama mlango anamjia akilia jina lake. Akapiga yowe la kwao, "Mama yangu eee!" akanipiga kichwani na mti wa kukorogea pipa. Tukaanguka wote. Akainuka, akakimbia kuzunguka jiko, mimi nyuma yake namwambia asiniache, yeye ananipiga kila nikimfikia. Rama alikuwa anarukaruka kwa furaha.

"Sawa! Sawa! Imetosha, nimeipata!"

Nikavua kichwa. Kile kitu kikaanguka kwenye mchanga, mbele ya moto, wote wakakiona.

Shingo ya kuku. Ina manyoya yake mawili matatu.

Nilikaa chini nikacheka na kulia kwa pamoja. Shingo ya kuku! Sijawahi kukifurahia kitu kama nilivyoifurahia shingo ile. Mama Zawadi akaitazama, akanitazama. "Weye fundi, umekula kuku kule majanini na sisi hapa tuna njaa?"

Nilitaka kueleza. Aliyeeleza ni Nestori. Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa amesimama pale pale nyuma ya kamera, hedifoni masikioni, uso umekuwa wa rangi ya jivu. Alikuwa hajasogea tangu mwanzo. Akazivua polepole kama mtu anayeshusha mtungi.

"Twendeni," akasema. "Vitu viacheni. Twendeni sasa hivi."

"Una nini wewe?" Rama akauliza.

"Nimesikia yote. Fundi alikuwa hayuko peke yake mle. Amempa mtu shikamoo, na mtu akaitikia." Akamgeukia Mama Zawadi. "Mama, njia ile ya mkato usipite tena. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Mama Zawadi hakucheka. Baadaye garini, tukiwa tumebanana wote mbele hakuna anayetaka kukaa nyuma, alisema kwa sauti ndogo kwamba kila akipita pale husikia kama majani yanamfuata, na ndiyo maana huimba.

Basi ndivyo tulivyopona. Tulipoiona barabara ya Mwandiga, maduka yako wazi, watu wanakaanga mihogo, muziki unapigwa, niliomba gari lisimame. Nikashuka, nikanunua mihogo, nikala nimesimama katikati ya watu, mwili bado wa fisi, kichwa changu mwenyewe. Watu walinishangaa. Nikawapenda wote.

Nestori alifuta mazungumzo yale yote, alisema hawezi kulala na kitu hicho nyumbani kwake. Alibakiza kicheko tu, kwa sababu Rama alimpigia magoti. Filamu ilitoka, na kama umekaa Kigoma umeshaiona, usinidanganye. Inaonyeshwa mpaka leo Ujiji, Mwandiga, mpaka mialoni kwa wavuvi, na ile sehemu ya mama mkwe kukimbizwa kuzunguka jiko huwa watu wanaomba irudishwe. Wanasema Mama Zawadi anaigiza kuliko wa Dar es Salaam. Wananisifu kwa kicheko kile, wananiuliza nilikifanyaje. Nawaambia ni mazoezi.

Lakini mimi raha sikuwa nayo. Nilikuwa nimeahidi. Kila jioni adhana ikilia nilikuwa nasikia ile sauti: usinisahau kama wenzako. Nikikaa kwenye cherehani nawaza, je, akichoka kungoja? Akisema yule wa Ujiji hana ukweli, ngoja nimrudie yule mama? Nilikonda. Nguo za watu nikawa nashona mikono inapishana.

Aliyenitoa hapo ni Mama Zawadi mwenyewe. Alikuja nyumbani kwangu na mbuzi kwenye kamba.

"Umeahidi kwa ajili yangu," akasema. "Tunampikia. Na tunampikia vizuri, si kwa kuogopa. Mgeni ni mgeni."

Alipika yeye. Mbuzi mzima, kwenye sufuria lake la biashara, kwa mawese na pilipili na vitunguu, mpaka majirani wakauliza kuna harusi gani. Tukakodi bajaji tukaenda mchana, jua kali, wawili tu. Rama alisema ana kazi. Tukaliweka sufuria pale pale nilipokuwa nimechuchumaa. Nilijiona mjinga, lakini nikasimama mbele ya majani nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mzee. Ni mimi wa Ujiji. Karibu chakula. Na yule mama ndiye aliyekipika, kwa hiyo ukila chake umeshakuwa mgeni wake." Maneno hayo ya mwisho aliniagiza Mama Zawadi niyaseme, na niliona yana akili. Hakuna aliyejibu. Tukaondoka bila kugeuka nyuma.

Kesho yake asubuhi tukarudi. Nilitegemea kukuta sufuria limepinduliwa, mifupa imetapakaa, au nyama imejaa nzi haijaguswa. Sufuria lilikuwa juu ya kisiki, limefunikwa kifudifudi. Hakukuwa na mfupa hata mmoja. Mama Zawadi akalishika, akaligeuza, akapitisha kidole ndani.

"Fundi," akasema. "Ameliosha."

Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa, ndani na nje, hata masizi ya chini ambayo Mama Zawadi mwenyewe hakuwahi kuyatoa. Tuliangaliana. Kisha yule mama akaanza kucheka, na mimi nikaanza, tukacheka pale majanini asubuhi kweupe mpaka tukashikana ili tusianguke, na kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani miezi yote ile kikatoka na kicheko. Nilirudi nyumbani nikalala mpaka alasiri.

Tangu siku hiyo hakuna aliyefuatwa njia ile, ingawa Mama Zawadi hapiti tena peke yake. Ngozi ile ya fisi niliifumua mshono kwa mshono, nikatengeneza matakia. Rama amekuja mara nyingi kuniomba nishone nyingine, anataka sehemu ya pili. Nimemwambia nitamshonea mbuzi, au kuku, au mnyama mwingine yeyote atakayemtaka. Si fisi.

Na wewe unayenisikiliza, nikuombe hili. Usivae ngozi ya kiumbe kingine kwa mzaha jua likishazama, maana hujui nani anakutazama na kusema, ah, kumbe sijabaki peke yangu. Ukijikuta umeshavaa, na mtu akakusalimia gizani, mwitikie vizuri, mpe heshima yake, usimchungulie masikio. Na ukimwahidi chakula, mpelekee.